Jina Hutolewa Nyumbani: Simu, Seva na Kumbukumbu za Watu wa Kitui na Makueni

 

Mada niliyopewa ina jina refu: namna ya kuunganisha modeli za data zilizo kwenye simu na seva iliyo mbali. Nitaifikia. Lakini naomba tupitie nyumbani kwanza, kwenye majina.

Hapa Ukambani mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Wambua akiwa mvulana, Mumbua akiwa msichana. Wa asubuhi ni Kioko, wa usiku ni Mutuku. Mama akishikwa na uchungu safarini akajifungua kabla ya kufika, huyo ni Mwanzia, mtoto wa njiani. Jina hutolewa pale mtoto alipo, na watu waliompokea, nalo hubeba habari za saa ile. Cheti cha kuzaliwa hufuata baadaye, na ni haki ya mtoto kukipata. Ila hakuna afisa aliyewahi kumwambia mama, "Usimwite mwanao kwa jina mpaka nambari itoke mjini."

Programu nyingi za simu husema hivyo hasa. Humtaka mhudumu wa afya aliye bondeni, asiye na mtandao, asubiri seva ya mbali itoe nambari ndipo mtoto ahesabiwe kuwa yupo. Mtandao usipopatikana, mtoto hayupo. Neno langu leo ni moja: kumbukumbu ya mtu ipewe jina lake pale inapozaliwa, mkononi mwa aliyemwona mtu huyo kwa macho. Seva ni mahali pa kumbukumbu kukutana. Mengine yote nitakayosema, hata yenye tarakimu na amri za kiufundi, yanatokana na hilo.

Mtoto mmoja, nakala mbili

Tumfuate mhudumu mmoja kazini. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchi nzima. Mkobani mwake mna mizani, kipimajoto, mashine ya kupima presha na ya kupima sukari, na pamoja na mkoba huo amepewa simu. Kaya zake ni kama mia moja, na nyingi huzifikia kwa miguu.

Leo ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe. Mtoto yuko mapajani mwa nyanya yake, maana mama yuko Nairobi kwa kazi. Mhudumu anamzungushia mkono wa kushoto utepe wa kupima lishe, anausoma: milimita 121. Rangi ni manjano. Kuanzia 125 kwenda juu ingekuwa kijani, chini ya 115 ingekuwa nyekundu, na nyekundu ni kukimbizwa zahanati siku hiyo hiyo. Manjano ni utapiamlo wa wastani: chakula kiangaliwe, mtoto apimwe tena karibuni. Anaandika 121 kwenye simu na kubonyeza Hifadhi.

Kilichohifadhiwa humo ndicho tunachokiita modeli ya data: umbo ambalo mwandishi wa programu ameamua kumpa mtoto. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kaya. Mlezi. Ziara alizotembelewa, kila moja na vipimo vyake. Umbo hilo si jambo dogo. Mwandishi akiwa ameweka nafasi ya mama peke yake bila kuweka ya mlezi, nyanya huyu anayelea wajukuu hana pa kuandikwa, na mhudumu atalazimika kuandika uongo ili fomu ikubali kufungwa. Nimeona fomu za namna hiyo. Kumbukumbu huanza kuharibika kwenye umbo kabla hata ya kuharibika njiani.

Upande wa pili kuna seva, kompyuta inayokesha ikisubiri kuulizwa na kujibu. Nayo ina nakala yake ya mtoto huyu, kwa ajili ya muuguzi wa zahanati, msimamizi wa wadi, na ofisi ya kaunti. Kati ya nakala hizi mbili kuna vilima, betri zinazoisha chaji, na bando linalokatika katikati ya sentensi. Kazi tunayoizungumzia ni kuhakikisha kwamba nakala zote mbili zinamhusu mtoto yule yule na zinakubaliana juu yake, licha ya hayo yote.

Vitenzi vinne

Simu na seva husemezana kwa lugha ya wavuti, HTTP. Mwaka 2000 Roy Fielding, mmoja wa walioiandika lugha hiyo, alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, akaeleza mtindo aliouita REST. Tukiuondolea maneno magumu, una nguzo tatu zinazotuhusu.

Ya kwanza: kila kitu kina anwani yake. Mtoto huyu ana anwani yake kwenye seva, na kaya yake ina yake. Ya pili: vitenzi ni vichache na kila mtu anavielewa. GET ni "nisomee kilichopo hapo", nacho hakiruhusiwi kubadilisha kitu. POST ni "pokea hiki kipya, ukipe nambari wewe". PUT ni "weka hiki kwenye anwani hii hasa". DELETE ni "ondoa". Ya tatu: seva haikumbuki mazungumzo. Kila ombi hubeba kila kinachohitajika ili lieleweke lenyewe, kama barua iliyoandikwa vizuri.

Nguzo hii ya tatu inatufaa sana sisi watu wa vilimani. Mtandao ukikatika hakuna mazungumzo yaliyovunjika ambayo lazima yaanzwe upya tangu salamu. Barua moja imepotea, nyingine inatumwa.

Majibu nayo yana nambari zake, na kila mwandishi wa programu anayeniheshimu namwomba azisome zote. 200 ni sawa. 201 ni kimeundwa. 404 ni hakipo. 409 ni kuna mgongano. 503 ni seva imelemewa, ngoja. Programu inayosoma 200 peke yake na kuyaita mengine yote "hitilafu" ni kama karani anayeelewa "ndiyo" tu.

Mwaka 2010 Jeremy Ashkenas alitoa Backbone, programu ndogo iliyowafundisha wengi wa kizazi changu kupanga modeli ndani ya kivinjari na kuziunganisha na seva. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: modeli isiyo na nambari ni mpya, itumwe kwa POST, iliyo na nambari ipo tayari, itumwe kwa PUT. Seva ndiyo inayotoa nambari. Kwa ofisi yenye intaneti kutwa, kanuni hiyo inatosha. Mimi niliichukua kama ilivyo nikaileta Kitui.

Mama aliyeandikwa mara nne

Ilikuwa kabla ya mvua za vuli, ambazo ndizo mvua za kutegemewa zaidi hapa Ukambani. Kikundi kimoja cha wakulima wa ndengu, ambacho sitakitaja, kilitaka kuwaandikisha wanachama ili wagawiwe mbegu. Nilitengeneza programu. Vijana walipewa simu, wakapita boma kwa boma.

Kijana mmoja alifika kwa mama mmoja penye mtandao hafifu. Akajaza fomu, akabonyeza Hifadhi. Ombi la POST likapanda mlima, likafika kwenye seva. Seva ikaandika jina la mama, ikatoa nambari, ikajibu 201. Jibu hilo ndilo lililopotea njiani. Simu ilisubiri, ikachoka, ikaandika: "Imeshindikana." Kijana akabonyeza tena. Ombi likafika tena, seva ikaandika tena, jibu likapotea tena. Alibonyeza mara nne, kwa bidii na kwa nia njema.

Seva haikukosea hata mara moja. Iliambiwa mara nne "pokea hiki kipya, ukipe nambari", nayo ikafanya hivyo mara nne.

Siku ya mgao orodha ilikuwa ndefu kuliko watu. Mbegu zilikuwa zimepimwa kwa hesabu ya majina. Mama yule alisimamishwa mbele ya majirani zake akaulizwa kwa nini alijiandikisha mara nne. Alikuwa hajui hata maana ya swali. Watu walinong'ona. Hadhi ya mtu kijijini hujengwa kwa miaka, na siku ile programu yangu iliigusa kwa mkono mchafu. Kosa lilikuwa langu. Wala halikuwa la mtandao. Mtandao hafifu ni hali ya nchi kama jua la Septemba, na anayejenga nyumba bila kujali jua asililaumu jua.

Jina kwanza, safari baadaye

Dawa yake iko kwenye majina yale niliyoanza nayo. Simu yenyewe itoe nambari ya mtoto papo hapo, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Kuna namna ya kutengeneza nambari hiyo inayoitwa UUID: mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi, ambamo biti 122 huchaguliwa kwa nasibu. Wingi wake ni mkubwa kiasi kwamba simu zote za Ukambani zikitoa nambari mchana kutwa kwa miaka mingi, hatuna sababu ya kuhofia mbili zigongane. Watoto wanaoitwa Wambua ni maelfu, lakini nambari hii ni ya Wambua mmoja.

Mtoto akishakuwa na nambari, simu haisemi tena "pokea hiki kipya". Inasema kwa PUT: "weka habari hizi kwenye anwani ya mtoto huyu". Jibu likipotea na ombi likarudiwa mara nne, seva huona anwani ni ile ile na mtoto ni yule yule. Anabaki mmoja. Wataalamu wana neno lao kwa sifa hii; mimi huwaambia wanafunzi kwamba ni tendo ambalo kurudiwa hakulidhuru. Ukipaka mlango rangi ya kijani mara nne, mlango ni mmoja na ni wa kijani.

Mkenya yeyote anaijua kanuni hii kwa vidole vyake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tumezoea kwamba kila muamala una msimbo wake. Mwenye duka hukuomba umwonyeshe ujumbe. Ukimwonyesha ujumbe huo huo mara mbili, hahesabu pesa mara mbili, kwa sababu msimbo ni ule ule. Akina mama wa soko la Wote hapa Makueni wanaelewa jambo ambalo mimi, mwenye shahada, nilisahau kuliweka kwenye programu ya ndengu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Nambari iliyotolewa na simu haijui kila kitu. Mama akivuka mto Athi kutoka Ikutha kwenda kwa dada yake Kibwezi, mhudumu wa huko akamwandikisha mtoto upya, mtoto atakuwa na nambari mbili, zote halali, kwenye kaunti mbili. Hapo hakuna amri ya kompyuta itakayotosha. Lazima mtu amuulize mama, "Mtoto huyu amewahi kupimwa wapi?", na programu iwe na njia ya kusema kwamba hizi mbili ni mtu mmoja, bila kupoteza vipimo vya upande wowote. Swali hilo liwekwe kwenye fomu kabla ya kitufe cha kuandikisha mtoto mpya.

Maji ndani ya mchanga

Bado kuna mtandao unaokuja na kuondoka. Ukanda huu umewahi kutatua tatizo la namna hiyo, na halikuwa la kompyuta. Mito yetu mingi hujaa kwa saa chache na kukauka kwa miezi. Mvua inakuja kwa kishindo, maji yanapita, yanakwenda zake baharini. Wazee na wahandisi walijenga kuta za zege na mawe juu ya mwamba katika mikondo hiyo. Mafuriko yakija, mchanga hujikusanya nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua halifiki. Shirika la SASOL limejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia katika Kitui tangu miaka ya 1990. Shirika la Utooni, lililoanzia Kola huko Machakos, limefanya kazi hiyo pamoja na vikundi vya wanakijiji, na nyingi ya kuta hizo zimepanda kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, kila mtu na jembe lake. Miezi baada ya mvua, mama huchimba kwa kata na kupata maji mahali ambapo mpita njia anaona jangwa.

Hekima ya bwawa la mchanga ni kuhifadhi maji pale yanapoanguka, kwa kuwa mto hautasubiri. Simu ya mhudumu inapaswa kuwa hivyo. Mtandao ni mto wa msimu. Simu ni mchanga.

Hili linafanyika leo mikononi mwenu, wahudumu wa afya. Mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii nchini Kenya, eCHIS, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria inayosimamiwa na shirika la Medic. Ndani ya simu kuna hifadhidata ndogo iitwayo PouchDB. Kwenye seva kuna ndugu yake mkubwa, CouchDB, aliyoianzisha Damien Katz mwaka 2005. Ndugu hawa wawili husemezana kwa vitenzi vile vile vya HTTP. Mhudumu anapobonyeza Hifadhi chini ya mwembe, habari huandikwa kwanza ndani ya simu, na hapo kazi yake imekwisha. Anaweza kusoma, kutafuta, na kufungua kumbukumbu ya mtoto wa jana, bila mtandao wowote. Akifika penye mawimbi, simu huiuliza seva: "Tangu tulipoachana mara ya mwisho, una nini kipya kinachonihusu?" Kisha huipelekea yaliyo mapya kutoka kwake. Ndicho kile mnachokiita kusinki.

Mwandishi wa programu anawiwa na mhudumu jambo moja hapa: ukweli kwenye kioo cha simu. Yako mambo mawili tofauti, "imehifadhiwa kwenye simu" na "imefika kwenye seva". Yaonyeshwe kwa alama mbili tofauti, kwa maneno yanayoeleweka. Mhudumu anayedhani kazi ya wiki imefika mjini ataiacha simu iharibike bila wasiwasi. Kisha kuna adabu ya foleni: umeme ukirudi baada ya kukatika, simu mia tano zisiikimbilie seva kwa dakika moja kama watu wanaogombea kata moja kisimani. Kila simu ingoje kidogo, muda tofauti na mwenzake, na ikipata 503 ingoje zaidi kila inaporudia.

Wakweli wawili wakitofautiana

Sasa tufike penye ugumu hasa. Mhudumu amerekebisha kumbukumbu ya kaya kijijini: kisima kimeharibika, wanachota mtoni. Siku hiyo hiyo muuguzi wa zahanati, kwenye kompyuta yake, amerekebisha kumbukumbu ile ile: nambari ya simu ya mwenye boma imebadilika. Kila mmoja alianza na nakala ya jana. Nani ashinde?

Mifumo mingi hujibu: wa mwisho kufika. Maana yake, kisima kilichoharibika kinaweza kufutwa na nambari ya simu, kimyakimya, na hakuna atakayejua. CouchDB hukataa. Kila kumbukumbu hubeba alama ya toleo lake. Ukituma marekebisho yaliyojengwa juu ya toleo la zamani moja kwa moja kwenye seva, unajibiwa 409: kuna mgongano, soma kwanza kilichopo. Na nakala mbili zilizobadilika mbalimbali zikikutana wakati wa kusinki, zote mbili hutunzwa. Moja huonyeshwa, kwa kanuni ambayo kila mashine huifuata na kufikia uamuzi ule ule bila kushauriana. Nyingine hubaki pembeni mpaka mtu mwenye kujua aje aamue. Naiona ni tabia ya baraza la wazee: aliyeshindwa hanyamazishwi, neno lake linawekwa.

Lakini ugomvi unaozuiliwa ni bora kuliko unaoamuliwa. Njia ya kuuzuia ni kuacha kufuta na kuandika juu. Kipimo cha mtoto kisiwe kisanduku kimoja kinachobadilishwa kila mwezi. Kila ziara iwe kumbukumbu mpya, yenye nambari yake, isiyoguswa tena: tarehe fulani, mtoto fulani, milimita 121. Mwezi ujao, milimita 127. Wahudumu wawili wakimpima mtoto mmoja, hakuna mgongano. Kuna vipimo viwili, na vyote ni kweli. Hali ya mtoto ya leo husomwa kutokana na mfululizo wa yaliyotukia. Nayo faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: muuguzi anaona njia aliyopita mtoto, anajua kama anapanda au anashuka.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Simu iliyokaa bila chaji inaweza kuamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Kwa hiyo seva iandike tarehe mbili: siku mhudumu aliyosema alimwona mtoto, na siku habari zilipofika. Zikipishana kwa miaka, mtu aulizwe.

Na kufuta. Simu ikifuta kumbukumbu kabisa bila kuacha alama, seva ikija kusinki itaona simu imekosa kitu, itakirudisha. Kwa hiyo kinachofutwa huachiwa alama inayosema "hapa palikuwa na kitu, kikaondolewa". Lakini mtoto aliyefariki hafutwi. Naomba wanafunzi walisikie hili vizuri. Kifo ni tukio linaloandikwa kwa tarehe yake, kwa heshima, ili msimu ujao simu isimkumbushe mhudumu kwenda kuuliza kwa nini mtoto hakupelekwa chanjo, mlangoni pa mama anayelia.

Kimya cha pampu

Kuna kisa cha Kitui ambacho kila mwandishi wa programu nchini anastahili kukijua. Mwaka 2013 huko Kyuso, kaskazini mwa kaunti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakishirikiana na wenyeji walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za mkono. Kifaa kilihisi mwendo wa mpini, kikakadiria kiasi cha maji kilichotolewa kila saa, kikatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikiacha kufanya kazi, fundi alijua bila mtu kutembea kilomita nyingi kwenda kuripoti. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa karibu siku 27 bila kutengenezwa. Kwa mpango ule muda ulishuka hadi chini ya siku tatu, na kazi hiyo ikazaa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix.

Nawaletea kisa hiki kwa sababu ya somo lililo ndani yake. Hesabu ya pampu inaweza kusoma sifuri kwa sababu imeharibika. Inaweza kusoma sifuri kwa sababu mvua imenyesha na watu wanachota kwenye mabwawa. Na kunaweza kusiwe na hesabu yoyote kwa sababu mawimbi ya simu hayakuwepo. Sifuri ni habari. Kukosekana kwa habari ni jambo jingine kabisa. Ramani ya ofisini inayochora yote mawili kwa rangi moja itampeleka fundi mahali pasipo na kazi na kuwaacha wengine na kiu.

Kwenye afya ni hivyo hivyo. Kijiji kisicholeta taarifa ya mtoto mgonjwa si lazima kiwe kijiji chenye afya. Huenda ni kijiji ambacho mhudumu wake hajapata mtandao kwa wiki mbili. Kwenye kila jedwali la kaunti, kando ya idadi, paonyeshwe kila simu ilisinki lini mara ya mwisho. Ni safu moja tu ya ziada, na inaweza kuokoa uhai.

Siri ni ya mwenyewe

Nikisema kumbukumbu ikae kwenye simu, mtu makini atauliza: simu ikiibiwa kwenye matatu? Swali hilo ni la haki. Kwenye simu ile kuna nani ana presha, nani ni mjamzito na bado hajamwambia mama mkwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zinatuwajibisha, lakini kabla ya sheria kuna uaminifu wa mlangoni. Mhudumu ni jirani. Akipoteza siri ya nyumba moja, milango yote mia itafungwa.

Hapa pia hifadhi ya nyumbani ina jibu. Kila simu ibebe kaya zake peke yake. Mhudumu wa Nzaui hahitaji watoto wa Makindu, na seva isimpelekee. Simu iwe na neno la siri, hifadhi yake ifungwe kwa usimbaji, safari ya habari ipite kwenye njia iliyosimbwa, na simu ikipotea msimamizi aweze kuifungia mlango siku hiyo hiyo. Fomu nayo isiulize isichohitaji. Habari ambayo hukuiandika haiwezi kuibiwa.

Neno kwa wanaojenga

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtaondoka hapa mkaajiriwa mahali ambapo intaneti haikatiki. Mtasahau. Mimi nilisahau nikiwa bado naishi humu humu. Kwa hiyo nawaachia jaribio moja, mlifanye kabla programu yenu yoyote haijapelekwa kwenye boma la mtu.

Chukueni simu ya bei rahisi. Shukeni bondeni, au zimeni mtandao. Mwandikisheni mtoto, mmwite Mwanzia. Bonyezeni Hifadhi mara nne, kama kijana yule aliyekuwa na nia njema. Zimeni simu kabisa, muiwashe tena, mwone kama Mwanzia bado yumo. Mpeni mwenzenu simu ya pili arekebishe kaya hiyo hiyo kwa namna tofauti. Kisha pandeni mlima mpaka mawimbi yaje, na kukiwa na mawimbi kidogo tu, yakateni katikati ya safari. Yarudisheni. Subirini.

Halafu nendeni kwenye seva mhesabu wako akina Mwanzia wangapi, na kama yale aliyoyasema kila mmoja wenu bado yapo. Wakiwa wanne, rudini mezani, kwa sababu kuna mama atakayesimamishwa mbele ya majirani. Akiwa hayupo, rudini mezani, kwa sababu kuna mtoto mwenye utepe wa manjano ambaye hakuna atakayerudi kumpima. Akiwa mmoja, na jina lake ni lile lile alilopewa njiani, bisheni hodi.